Ninavyojikinga na kupe, na ninavyomtoa akishagandia

Kupe haruki kama kiroboto wala hadondoki kutoka juu ya mti. Hupanda kwenye ncha ya nyasi, akashika kwa miguu ya nyuma, akanyoosha ile ya mbele hewani na kungoja. Miguu hiyo ya mbele ndiyo pua yake: hunusa hewa tunayoitoa na kuhisi joto la mwili. Ukipita ukamgusa, hudandia na kuanza kutambaa kwenda juu. Wapo wengine, hasa wakubwa wa nchi za joto, wasiongoja; humfuata mtu mbio ardhini. Nao pia huanzia miguuni. Kwa hiyo ukimkuta shingoni, safari yake kwa kawaida ilianza kwenye kiatu, na hapo kwenye kiatu ndipo ninapoanzia kinga.

Suruali ndefu naichomeka ndani ya soksi, na shati ndani ya suruali, ili atambae juu ya kitambaa muda mrefu kabla ya kufika kwenye ngozi. Nguo za rangi nyeupe au kijivu nyepesi husaidia kumwona. Njiani napita katikati, si ukingoni penye nyasi.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni permethrini ya asilimia 0.5, ile ya kupulizia nguo. Siku moja kabla ya safari naanika viatu, soksi na suruali nje, napulizia pande zote mpaka kitambaa kilowe kidogo, kisha naacha vikauke kabisa. Haipakwi mwilini hata kidogo. Mwenye paka amweke mbali mpaka nguo zikauke, kwani dawa hii mbichi inaweza kumuua. Kosa ninaloliona mara nyingi ni watu kupulizia kofia na shati wakasahau soksi. Nguvu yake hupungua kadiri nguo inavyofuliwa, basi soma kibandiko ujue inadumu mafuo mangapi.

Kwenye ngozi iliyo wazi natumia dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu: DEET ya asilimia 20 hadi 30, au picaridini ya asilimia 20. Mafuta ya kukinga jua hutangulia, dawa hufuata. DEET huyeyusha plastiki, hivyo naosha viganja kabla ya kushika miwani au saa.

Nikirudi, nguo hazikai kitandani. Kufua kwa maji baridi hakumuui kupe. Joto ndilo humuua. Kama kuna mashine ya kukaushia, naweka nguo zikiwa kavu kwa dakika 10 kwenye joto kali kabla hata ya kuzifua. Kama haipo, nafua kwa maji ya moto, kuanzia nyuzi 54 za Selsiasi. Naoga ndani ya saa mbili, nikipapasa kwa vidole: nyuma ya masikio na kwenye mstari wa nywele, kwapani, kitovuni, mkanda unapobana, kinenani, nyuma ya magoti. Kupe mchanga ni mdogo kama mbegu ya mchicha, na mate yake yana ganzi, hivyo usitegemee kuwashwa ndipo ujue. Ukikuta kundi la vitoto vyao vinatambaa mguuni, bandika selotepu juu yao na uibandue. Hutoka wote pamoja.

Sasa aliyegandia. Mdomo wake una vijino vilivyoelekea nyuma, mfano wa ndoana, na kupe wengi hujigandisha kwa aina ya gundi. Ndiyo maana hatoki kwa kukwanguliwa. Chukua kibanio chenye ncha nyembamba kabisa. Kile kipana cha nyusi humbana tumbo na kumpasua. Telezesha ncha sambamba na ngozi, mshike kichwani, mahali mdomo unapoingilia. Vuta moja kwa moja kwenda juu, polepole, kwa nguvu ileile. Ngozi itainuka kama kihema kidogo. Hapo wengi huingiwa na haraka wakakata; wewe shikilia tu, baada ya sekunde kadhaa ataachia. Usizungushe wala usichomoe kwa ghafla.

Kipande cha mdomo kikibaki, kitoe kama kinashikika kirahisi. La sivyo kiache, ngozi itakisukuma nje yenyewe. Kuchokonoa kwa sindano huleta usaha, na kipande hicho pekee hakileti ugonjwa wa kupe. Mafuta ya taa, vaselini, moto wa kiberiti, vyote hivyo naviomba mviache: vinachelewesha, na vinaweza kumfanya ateme mate zaidi ndani ya jeraha. Muda ndio wa thamani hapa. Bakteria wa Lyme, ugonjwa wa kupe ambao mara nyingi huanza kwa duara jekundu kwenye ngozi, kwa kawaida huhitaji zaidi ya saa 24 za kugandia kabla ya kuambukiza, lakini baadhi ya virusi huingia mapema zaidi.

Osha kidonda na mikono kwa sabuni au spiriti. Usimpasue kupe kwa kucha, maana damu yake huweza kubeba homa ya Kongo na Krimea, ugonjwa hatari wa virusi unaoweza kumtoa mtu damu. Mzamishe kwenye spiriti au mfunge ndani ya selotepu.

Kisha naandika tarehe na sehemu ya mwili, na napiga picha ya alama. Wekundu mdogo wa siku moja au mbili ni kawaida. Duara jekundu linalotanuka kati ya siku ya 3 na ya 30 si la kawaida, wala kigaga cheusi pamoja na homa na kichwa kuuma ndani ya wiki moja au mbili, dalili za homa ya kupe ya Afrika. Nenda kwa daktari na umwambie mapema kwamba uling'atwa na kupe, lini na wapi, kwa sababu bila neno hilo homa hii hufanana na nyingine nyingi na hutibiwa kwa dawa isiyo yake.