Kanga nne kitandani

Mwanangu ana miaka minne na ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Wiki hii miguu ilimuuma siku tatu mfululizo, mama mkwe akaja kutusaidia. Mimi nina mimba ya miezi mitano. Jana usiku, mtoto alipopata usingizi, mama akaniambia kwa upole, "Usiogope, mwanangu. Si walisema ni mmoja kwa wanne? Huyu keshaumwa. Watatu wanaofuata ni salama."

Ningeweza kuitikia tu. Nikafungua kabati, nikatoa doti ya kanga isiyokatwa.

Nikamwonyesha: kabla ya kugawanyika, seli hunakili kila kromosomu, uzi unaobeba maelekezo ya urithi, nakala mbili zikabaki zimeshikana kama doti hii. Kisha doti hukatwa, kila seli mpya ikapata kipande chake. Ndivyo ngozi inavyoziba kidonda. Ndivyo na uboho wa mwanangu, unaotengeneza damu ndani ya mifupa, unavyofanya kazi mchana na usiku, kwa kuwa chembe nyekundu za kawaida huishi kama siku 120, lakini zake siku 10 hadi 20 tu. Na kosa lenyewe ni herufi moja, kwenye jeni, yaani maelekezo, ya hemoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu, katika kromosomu namba 11, kama jina la kanga lililokosewa herufi kiwandani. Seli hailirekebishi. Hulinakili kwa uaminifu uleule inaonakili yaliyo sahihi, na uaminifu huo ndio unaoniuma.

Yai na mbegu za baba hutengenezwa kwa njia nyingine. Seli hunakili mara moja lakini hugawanyika mara mbili, kwa hiyo kromosomu 46 hubaki 23. Nikatandika kanga nne kitandani: mbili zangu, mbili za mume wangu. Kila upande nikapiga fundo kanga moja, kwa kuwa sisi sote ni AS: jeni moja nzima, moja yenye kosa.

"Fumba macho, mama. Chukua moja huku, moja kule."

Akatoa zenye mafundo zote mbili. Akashtuka. Nikazirudisha, nikazichanganya, nikamwomba achukue tena. Safari hii moja ilikuwa na fundo, nyingine haina: mtoto wa namna hii ni kama mimi, hubeba bila kuugua. Kila mimba kanga zote hurudi kitandani. Robo ile haipungui kwa sababu kaka mtu keshaumwa.

Mama alikaa kimya muda mrefu, ameishika kanga ya mwanawe yenye fundo. Siku zote amekuwa akisema kwao ugonjwa huu haupo, na mimi nimekuwa nikiyameza.

"Hii aliipata wapi?" akauliza.

"Kwako, mama, au kwa marehemu baba."

Akalifungua fundo taratibu, akaikunja kanga, akaiweka mapajani.

"Wifi yako anaolewa mwezi ujao," akasema. "Jumatatu twende naye akapime."