Nilivyolizoea "fare" la Waitaliano

Kazi yangu hapa Italia ni kumtunza bibi mmoja mzee, na kazi hiyo imenifundisha kutendesha, yaani kusema kuwa namfanya mtu atende jambo, kwa Kiitaliano kuliko kitabu chochote. Kutwa ni kulisha, kunywesha, kuamsha. Kwetu kila tendo lina neno lake moja, kiambishi kimekaa mkiani, basi. Mwitaliano hana kiambishi hicho. Huchukua *fare*, kufanya, akaliweka mbele ya kitenzi kingine: *far mangiare* ni kulisha, *far vedere* kuonyesha, *far sapere* kujulisha, *far ridere* kuchekesha.

Kilichonisaidia ni kuyachukulia maneno hayo mawili kuwa kitenzi kimoja. Ukishayaona hivyo, huchomeki tena mtu katikati: ni *faccio mangiare la signora*, namlisha bibi. Viwakilishi navyo hung'ang'ania *fare*. Mgeni wa kike akibisha hodi, binti wa bibi huniambia *falla entrare*, mkaribishe ndani. "Fa' entrarla" hutaisikia.

Shughuli pevu ilikuwa kwa anayetendeshwa. Sisi husema "namlisha" na "namlisha supu", ile -m- haitikisiki. Kwao inatikisika. *La faccio mangiare*, namlisha. Supu ikitajwa tu, bibi anasukumwa pembeni na supu inashika nafasi yake: *le faccio mangiare la minestra*, namlisha supu. Supu nayo ikigeuzwa kiwakilishi, inakuwa *gliela faccio mangiare*, namlisha hiyo. Jioni nilikuwa naandika daftarini sentensi za kazi ya siku ile kwa jozi, moja bila chakula, nyingine na chakula, kisha nazirudia kwa sauti huku naosha vyombo, mpaka *la* na *le* zikawa zinakuja zenyewe.

Mtendeshwa aliyesukumwa hivyo, akitajwa kwa nomino, hutanguliwa na *a* (*al* ni *a* na *il*). Hiyo *a* ina utata wake, maana *ho fatto scrivere una lettera al medico*, niliandikisha barua, haisemi kama daktari ndiye aliyeandika barua au ndiye aliyeandikiwa. Kama mwandishi ni yeye, mimi huweka *dal medico*, "na daktari", na maswali yanakwisha.

*Farsi*, yaani *fare* ya kujifanyia, niliipenda mapema. Sisi husema "nimenyoa" hata kama mkasi ulishikwa na kinyozi. Mimi nikitoka saluni nasema *mi sono fatta tagliare i capelli*, nimekatwa nywele kwa kutaka mwenyewe. Kitenzi kisaidizi hapo ni *essere* (kuwa), si *avere* (kuwa na), na ni *fatta* kwa kuwa mimi ni mwanamke. Mwanamume atasema *fatto*.