Plamu, ulanzi na lile jina la gongo

Februari huku Mufindi, mkoani Iringa, mvua haimwulizi mtu. Barabara ya kutoka Mafinga ni tope tupu, bodaboda wamefunga minyororo kwenye matairi, na wenye raha ni wagema. Mianzi inatoa asubuhi na jioni. Ulanzi, yaani utomvu wa mianzi, ukiteremshwa asubuhi bado ni togwa, hata mtoto anakunywa. Ukilala unakuwa mkangafu, yaani mkali, na usipouwahi ni siki. Plamu nazo zimeiva wiki hizihizi, zinaanguka na kuozea chini kwa sababu lori la kwenda mjini halifiki. Mtambo wa kukeneka pombe kali ninao mmoja, wenye leseni. Kwa hiyo mchana tunakoroga plamu kwenye mapipa, usiku tunakeneka ulanzi, na usingizi utakuja kiangazi.

Watu hudhani biashara hii ni pesa ya haraka. Nawafanyia hesabu. Chukua ulanzi wenye kileo cha asilimia 5, lita 100. Humo kuna lita 5 tu za kileo chenyewe. Ukikeneka kisha ukapunguza kwa maji hadi asilimia 40, utapata lita 12 na nusu, na hapo tuseme hakuna hata tone lililopotea. Linapotea. Ya kwanza kutoka tunaimwaga, inanuka kama rangi ya kucha. Ya mwisho nayo hatuitii kwenye chupa, ina harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Kinachobaki katikati ndicho kinacholipa kuni, chupa, ushuru na mishahara.

Hapa niseme jambo ambalo wengi wanalikosea, hata wapishi wazoefu. Kumwaga ya kwanza hakuondoi methanoli yote, ile aina ya kileo yenye sumu. Ni kweli methanoli huchemka mapema kuliko kileo chetu, lakini zikishachanganyika na maji hazitoki kwa foleni. Nyingine hutoka mpaka mwisho. Nafuu ni kwamba ulanzi au matunda yaliyochachuka vizuri huwa nayo kidogo. Plamu inazidi kwa sababu ya ile pektini inayofanya jamu igande, ndiyo maana tunatupa zilizooza. Misiba mikubwa ya pombe yenye sumu, tunayoisikia kila baada ya muda, mara nyingi hutokana na mtu kuongezea spiriti ya viwandani.

Anayesimamia mtambo wangu ni mama mmoja mtu mzima. Aliwahi kupika gongo, ile pombe kali isiyo na kibali, sitasema wapi wala lini. Nilipoanza nilikuwa na kipimajoto na karatasi iliyoandikwa kwamba kileo huchemka kwenye nyuzi 78. Mvuke ukawa unatoka sindano ikiwa chini ya hapo, nikadhani kipimajoto ni kibovu. Kumbe huku juu, kwenye mita 1,900 hivi, hewa ni nyepesi: kileo kitupu huchemka karibu nyuzi 73, na maji yenyewe hayafiki 94. Mama hakuwa na habari na nyuzi zozote. Aliweka tone kiganjani, akasugua, akanusa, akasema, "Bado, mwanangu. Hii inauma pua." Akasubiri, akanusa tena, akaniambia nibadilishe ndoo. Mpaka leo kipimajoto kinaning'inia pale, lakini anayeamua ni yeye.

Kipimo cha kileo peke yake ndicho simwachii. Kimetengenezwa kusoma sawa kwenye nyuzi 20, na asubuhi zetu za Julai zipo mbali sana na 20. Kinywaji kikiwa cha baridi kinaonekana dhaifu kuliko kilivyo, ukiamini tu utatia maji pungufu na chupa iliyoandikwa 40 itakuwa na zaidi. Tunakipasha kidogo kwanza.

Kinachonisumbua si mtambo. Pale kilabuni wananiita "gongo ya leseni", na wanacheka. Mimi pia nacheka, lakini nikirudi nyumbani nawaza. Mrija wa shaba ni uleule, moto ni uleule, na mikono ya mama huyu ni ileile. Angekamatwa na dumu lake zamani angepelekwa mahakamani kwa Sheria ya Moshi, ile ya gongo. Mimi nina usajili wa BRELA, wakala wa kusajili biashara, alama ya TBS, shirika la viwango, leseni ya halmashauri na stempu za kodi zilizobandikwa kwenye kila chupa. Na chupa zenyewe zinatoka Dar es Salaam. Tangu viroba, vile vifuko vya plastiki vya pombe kali, vilipopigwa marufuku Machi 2017 hakuna kifungashio cha bei ya mkulima, na sikitetei kiroba, vijana wetu kiliwamaliza. Ila tusidanganyane kwamba mama mwenye mapipa mawili angeweza kupita njia niliyopita. Anayepika usiku kwa kujificha, ada ya shule ikimsubiri, hawezi kumwaga ya kwanza na ya mwisho. Atauza yote. Mimi naweza kumwaga, na hiyo kwangu ndiyo tofauti kubwa kuliko karatasi zote zile.

Jioni hii mama ameniletea ombi. Wenzake wanne wanataka kuacha kupika na kuniuzia mkangafu. Nikilipa bei ya kilabu, hakuna atakayeacha kupika, maana gongo inalipa zaidi. Nikilipa zaidi, wenye vilabu watanuna, na sisi tunazikana. Nimemwambia nitapandisha bei kidogo, kwa ulanzi wa siku ya pili tu, tena uwe na nguvu.

"Basi nunua kipimo kingine, mwanangu," akasema, "maana wale nawajua. Watatia maji."