Theluji ya poda, maji ya moto na stara yangu

Nilipowaambia nyumbani Unguja kuwa nakwenda mlima Asahidake, Japani, kuteleza thelujini kwa skii, vile vibao virefu vya kufunga miguuni, bi mkubwa aliniuliza swali moja tu kwenye simu: "Mwanangu, na huko kuoga mnaoga vipi?" Mlima haukumshughulisha. Alikwisha kusikia kwamba Wajapani huingia kwenye maji ya moto pamoja, bila nguo, na mimi sikuwa na jibu la kumpa. Nikamwambia, "Mama, nitatafuta njia." Wiki mbili zilizofuata nilihangaika na njia hiyo kuliko nilivyohangaika na skii zenyewe.

Naandika kwa ajili ya dada zangu mnaosoma Japani, au mnaokuja, ambao mnatamani lakini mnajiambia mambo haya si ya mtu anayejisitiri. Yanawezekana. Nimeyafanya.

Asahidake ndio mlima mrefu kuliko yote Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani, mita 2,291, ndani ya hifadhi ya taifa ya Daisetsuzan. Kutoka Sapporo ninakosoma, treni inakwenda kama saa moja na nusu hadi Asahikawa. Hapo unapanda basi, unapita mji mdogo wa Higashikawa na mashamba yake ya mpunga yaliyofunikwa weupe mtupu, kisha basi linapanda msituni hadi barabara inapokwisha. Juu huko utakuta nyumba chache za wageni zenye chemchemi za maji ya moto, na ropuwei, yaani behewa kubwa linaloning'inia kwenye waya na kupandisha watu mlimani. Hakuna mtaa wa maduka wala muziki. Niliposhuka kwenye basi nilisikia theluji ikidondoka kutoka kwenye matawi, pu, kimya, pu.

Theluji ya huko haifanani na ile ya mjini. Sisi watu wa pwani tunaijua kaskazi: bara la Asia likipoa, upepo unavuma kuja kwetu kuanzia Desemba, na ndio ulioleta majahazi tangu zama. Upande wa pili wa bara hilohilo, ubaridi wa Siberia unasukuma upepo kuelekea Japani. Upepo ukivuka bahari unazoa mvuke, ukigonga milima unaumwaga wote. Asahidake iko ndani, mbali na pwani, na baridi ya maeneo hayo si ya mchezo: mji wa Asahikawa uliwahi kufika nyuzi 41 chini ya sifuri, Januari 1902. Kwa hiyo theluji inafika kavu na nyepesi. Nilichota kiganja nikapuliza, ikaruka yote kama poda anayopakwa mtoto baada ya kukogeshwa. Nikajaribu kuifinyanga donge, ikakataa.

Sasa kuhusu maji. Jambo lililonisaidia ni kuuliza mapema, tena kwa maandishi. Bafu za wanawake na wanaume zimetengwa, lakini hata mbele ya wanawake wenzangu mimi siwezi kukaa uchi, na nguo ya kuogelea hairuhusiwi majini. Senpai wangu wa maabara (ndivyo wanavyomwita aliyekutangulia) alinifundisha neno moja: kashikiri. Maana yake ni bafu unalolikodi peke yako kwa muda, ukafunga mlango. Si kila nyumba ya wageni inalo. Tuliandika barua pepe nyumba kadhaa kwa Kijapani, tukaeleza bila kuficha kuwa mimi ni Muislamu, sili nguruwe, situmii pombe hata ile inayotiwa kwenye mchuzi, na nahitaji bafu la faragha. Nyumba ya kwanza ilitujibu kwa ukali kidogo kwamba haiwezi. Iliniuma, sitaki kusema uongo. Ya pili ikatujibu siku hiyohiyo: bafu lipo, liko nje, limezungushiwa ukuta wa mbao, dakika 45 kila jioni. Chakula watatupa samaki wa kuchoma kwa chumvi, wali, na viazi vya Hokkaido kwa siagi.

Hiyo pombe ya kwenye mchuzi muiulizie kwa jina lake, mirin. Ukisema "pombe" tu, mpishi anadhani unakusudia ya kunywa.

Vazi nalo lilitaka akili. Msimu wangu wa kwanza, nilipokuwa najifunza kwenye miteremko ya chini ya Teine pale Sapporo, mlima uleule uliotumika kwa Olimpiki za 1972, nilivaa mtandio wa pamba chini ya helmeti. Ukalowa jasho, halafu ukaganda shingoni. Safari hii nilivaa hijabu ya michezo ya kuvaa kichwani moja kwa moja, nyembamba, isiyonywa maji, juu yake helmeti, na shingoni kitambaa cha sufu cha mviringo. Suruali na koti la skii ni mapana yenyewe. Kwa kweli mlimani kila mtu amejifunika mpaka pua, na hakuna aliyenitazama mara mbili.

Siku ya kwanza ropuwei haikwenda. Upepo. Hilo ni jambo la kawaida Asahidake, basi ukienda panga siku zaidi ya moja. Tulitembea msituni tukarudi. Jua linazama karibu saa kumi na nusu jioni, Magharibi inakukuta bado unavua buti. Nilikuwa msafiri, nikaswali Adhuhuri na Alasiri kwa pamoja kabla ya kutoka, na moyo ukatulia.

Siku ya pili kukapambazuka shwari. Ropuwei ikatupandisha hadi kituo cha Sugatami, mita 1,600, na mbele yetu moshi wa volkano ulikuwa ukifuka kutoka ubavuni mwa mlima, mweupe juu ya weupe. Senpai kazaliwa Hokkaido, skii kaanza skuli ya msingi kwenye kipindi cha michezo kama sisi tulivyoanza nage. Akanambia, "Usitoke kwenye njia yenye alama, na usinipoteze machoni." Njia za pale hazitandazwi sana na mashine kama za Teine. Unakwenda juu ya kilichoanguka usiku.

Nilikwenda kama mita thelathini, nikaanguka.

Nikadhani nitasimama kama kawaida. Nikaweka mkono chini, mkono ukazama mpaka begani. Nikaweka wa pili, nao ukazama. Hakuna chini. Nilijikuta nahema kwa hofu, theluji imeingia mdomoni, skii ya mguu wa kushoto haipo. Senpai akaja akasimama karibu, hakunivuta. Akaniambia nizilaze fimbo zangu mbili juu ya theluji, zikingamane kama alama ya kuzidisha, niweke kiganja pale zinapokutana, nisukume. Nikasimama! Skii iliyopotea tuliitafuta upande wa juu wa nilipoanguka, kwa sababu wewe unaendelea kuporomoka nayo inabaki nyuma. Tukawa tunapitisha fimbo ndani ya theluji kama mtu anayetafuta chaza kwenye mchanga, mpaka ikagonga.

Halafu akanionesha kosa langu. Kwenye njia iliyoshindiliwa unaegemea mguu mmoja, wa nje ya kona. Kwenye poda ukifanya hivyo mguu huo unazama peke yake na wewe unafuata. Miguu ikae karibu, uzito sawasawa kwa yote miwili, magoti laini, na uache mwendo uchanganye kidogo kwanza, maana ni mwendo unaokuinua juu. Mimi nilikuwa natambaa kwa woga, na woga ndio ulionizamisha. Jambo jingine alilolisisitiza kwa uso mkavu: usisogelee shina la mti. Chini ya matawi ya misonobari pana shimo lililofunikwa na theluji laini, na aliyetumbukia kichwa mbele hatoki bila mwenzake. Ndiyo sababu hakutaka nimpotee.

Mteremko wa nne nilipata kona tatu mfululizo. Sikusikia skii zikikwaruza. Nilisikia pumzi yangu tu, na vumbi jeupe likinipanda kifuani kila nilipogeuka.

Jioni bibi mwenye nyumba, okami-san, alinipa ufunguo kwa mikono miwili na kuinama. Unakaa kwanza kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza mpaka uwe safi, ndipo unaingia. Maji ya bafu si ya kuogea uchafu. Nilikumbuka Hamamni, mtaa wetu wa Mji Mkongwe, na lile hamamu, bafu la umma la enzi ya Sayyid Barghash, ambalo leo wageni hulipiga picha likiwa kavu. Nimelipita maisha yangu yote nikienda skuli, na nilikuja kuelewa raha yake nikiwa Hokkaido.

Nikafunga komeo, nikalijaribu mara mbili. Nikaingia majini mpaka shingoni, mapaja yakawaka kisha yakalegea. Theluji ilikuwa imeanza tena. Tangu nifike Japani sikuwahi kutoka nje kichwa wazi, na kumbe hata siku moja theluji haikuwahi kunigusa nywele. Chembe ya kwanza ilitua utosini, baridi kama ncha ya sindano, ikayeyuka. Nikaegemea jiwe, nikafumba macho, nikazisubiri nyingine.