Honda ya Mzee

Katibu wa kikao cha kugawa mali ya marehemu baba aliiandika baada ya ng'ombe wa maziwa na kabla ya mashine ya kupukuchulia mahindi: "Pikipiki moja, Honda, nyekundu, mbovu kidogo." Hiyo "mbovu kidogo" ilimkera mdogo wangu hata akasimama. Aliiendesha asubuhi ile ile kwenda Mkuu kuchukua nyama, akarudi nayo inanguruma vizuri tu. Katibu akafuta neno "mbovu", akaacha "kidogo", na mpaka leo muhtasari wa ukoo wetu unasomeka "Honda, nyekundu, kidogo".

Ilikuwa Desemba 2016, siku chache baada ya Krismasi, nyumbani Rombo, mkoani Kilimanjaro. Baba tulimzika Agosti, lakini mambo mazito kwetu husubiri Desemba, watu wakishapanda mlimani kutoka Dar, Arusha na Mwanza na hakuna wa kusema aliamuliwa akiwa hayupo. Viti vya plastiki vilipangwa uani, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapita, mwenyekiti wa ukoo akasali, tukaanza.

Mengi yaliisha haraka. Nyumba ni ya kitinda mimba kwa desturi ya Kichaga, na mama angeendelea kuishi humo, kwa hiyo hakuna aliyefungua mdomo. Kihamba, shamba letu la nyumbani, kilishagawanywa baba angali hai, na masale ya mipaka alishapanda kwa mkono wake. Ng'ombe akabaki kwa mama. Halafu tukafika kwenye Honda, na pale tukakaa mpaka jua likaanza kushuka.

Ni CG125, babu aliinunua mwaka 1978. Baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa duniani ikapanda kwa namna ambayo wazee wetu hawakuwahi kuiona, na pesa nyingine ikafika mpaka Rombo. Kuna waliojenga nyumba za bati, kuna waliolipia mahari, na wachache, babu akiwamo, walirudi kutoka Moshi mjini wamepanda kitu chenye magurudumu mawili. Baba alikuwa akisema kijiji kizima kilitoka kuishika, na bibi akakataa kuipanda kwa miezi kwa sababu hakuona mahali pa kushika zaidi ya mume wake, mbele ya watu.

Nimekuja kuielewa ile mashine nikiwa mtu mzima. Honda waliiunda wakiwafikiria watu wanaopakia kupita kiasi na kusahau kubadilisha oili. Hawakuweka ile cheni ya ndani inayozungusha kemshafti, ile shafti ya kufungulia valvu, juu ya injini, ambayo oili ikichakaa nayo inachakaa. Walirudi kwenye fimbo za kusukuma valvu, teknolojia ya kizamani lakini ngumu kufa. Cheni ya nje wakaifunika yote kwa bati ili vumbi lisiile. Kwa barabara ya Rombo ya wakati ule, vumbi kiangazi na utelezi masika, sidhani kama kuna fundi angebuni kitu kinachofaa zaidi. Ila taa, volti 6, zilikuwa hafifu kama koroboi. Baba usiku aliendesha kwa kukumbuka njia.

Babu alipoanza kupoteza macho alimpa baba, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baba ndiye aliyeitunza. Mpaka wa Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa 1983, na katikati hapo kulikuwa na vita vya Uganda na ukosefu wa kila kitu: sabuni, sukari, petroli. Vipuri vilitoka Taveta na Loitokitok kwa njia za panya. Breki shuu moja ilivuka ndani ya gunia la maharage, na baba aliisimulia safari ya hiyo breki shuu kwa mapana kuliko alivyosimulia harusi yake.

Jumamosi ilikuwa siku ya platini, kile kifaa cha kutoa cheche ya injini. Aliifungua akiwa amevua shati, akasugua meno ya platini kwa kipande cha msasa kisichozidi ukucha, akapima uwazi kwa kipande cha boksi la sigara alichokihifadhi kwenye pochi, yeye ambaye hakuwahi kuvuta. Akipiga kiki ikakubali ya kwanza, alitazama pembeni kama mtu asiyehusika. Ikikataa, alisema "imechoka", hakusema mbovu. Miaka ya karibuni kazi ilikuwa nyepesi, kwani pikipiki nyingi za Kichina zinazofanya bodaboda zina injini iliyonakiliwa kutoka kwenye hiyo hiyo CG, na vipuri vingi vinaingia kwa kurekebisha kidogo. Baba alilichukulia hilo kama ushindi wake binafsi.

Kwa hiyo kikaoni kila mtu alikuja na Honda yake. Mimi, mzaliwa wa kwanza, nilisema nilikaa juu ya tenki lile mbele ya baba kabla sijajua kuvaa viatu, na kwamba kitu alichoshika mzaliwa wa kwanza wa babu kinafuata mzaliwa wa kwanza wa baba. Nilijiandaa, nilisema vizuri. Mdogo wangu akasema yeye ndiye aliye nyumbani, anabebea maziwa na mbolea, na pikipiki isiyotembea inaoza kabureta. Baba mdogo, mwenye baa yake Arusha, akasema anataka kuipaka rangi upya na kuitundika ukutani nyuma ya kaunta, watu waone walikotoka. Mdogo wangu akauliza kama petroli itatolewa kwanza au itatundikwa nayo. Mwenyekiti akagonga meza.

Ndipo mwenyekiti akaomba kadi ya pikipiki. Mama akaingia ndani akatoka na lile kopo la biskuti la nyaraka: vyeti vya ubatizo, risiti za ada, picha ya baba akiwa chuo cha ualimu. Kadi ilikuwa chini kabisa, imekunjwa mara nne, laini kama kitambaa. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma, akarudia kusoma, akampa katibu.

"Hii ina jina la mzee," akasema. "Si la marehemu."

Babu alifariki mwaka 1991 na hakuna aliyewahi kufungua mirathi. Baba aliiendesha miaka yote hiyo, akailipia kila kitu, lakini kwenye karatasi haikuwahi kuwa yake, na tulichokuwa tukikigawa hakikuwa cha kwetu kugawa. Katibu akachukua kalamu akaanza kufuta tena. Baba mdogo alifurahi waziwazi. "Basi ni ya sisi watoto wa mzee," akasema, akahesabu waliobaki hai: yeye na shangazi. Aliposema "na dada" alisema kwa sauti ya mtu anayemalizia hesabu ndogo.

Shangazi alikuwa jikoni na wanawake wengine, kwenye masufuria ya machalari, ndizi zetu za kupika na nyama. Alikuja akijifuta mikono kwenye kanga, akavuta kiti mwenyewe, akakaa. Yeye si mtu wa kusema vikaoni. Ameolewa Useri, na kwa desturi mtoto wa kike aliyeolewa huja kwenye vikao vya mali kupika.

"Naomba niulize," alisema. "Kahawa iliyonunua hiyo Honda aliichuma nani?"

Hakuna aliyejibu, akajijibu. Alisema yeye na mama yake walikuwa wakiamka kabla ya jogoo, wanachuma zile nyekundu tupu, kwa sababu mzee akiona ya kijani kikapuni anamwaga yote. Jioni wanamenya kwa mtambo wa mkono, mmoja anazungusha, mwingine anamimina maji. Asubuhi wanaosha kwenye mfongo, mfereji wa maji ya mlimani, vidole vikifa ganzi. Halafu kuanika, kuchagua, kukimbiza mvua, na mwisho kubeba kichwani kwenda kijijini, maana vyama vya ushirika vilikuwa vimefutwa mwaka 1976 na kahawa ilipokelewa na kijiji. Malipo hayakuja mara moja. Malipo ya kwanza yalipotoka, mzee alinunua bati.

"Tukaambiwa malipo ya pili ni vitenge, changu na cha mama. Nilishachagua rangi dukani. Malipo ya pili yalipotoka, mzee akaenda Moshi. Tukamsubiri. Tukasikia mlio."

Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, lakini hakuwa amemaliza.

"Mnasema ya baba, ya babu, nani alikaa kwenye tenki. Mimi nimebebwa juu yake mara moja, siku niliyoolewa, na godoro lilikuwa mgongoni kwangu."

Baba mdogo akajaribu. "Dada, unaijua klachi wewe?"

"Na wewe kahawa uliijua? Ulikuwa unalala."

Sheria, ukiifuata kwa herufi, isingemsaidia sana. Lile tangazo la sheria za mila la mwaka 1963 humweka mwanamke nyuma kwenye urithi, na wazee kadhaa uani pale walilijua bila kulisoma. Lakini nadhani mwenyekiti, aliyekuwa na dada zake na mibuni yake, alishindwa kupata sentensi ya kumwambia mtu yule arudi jikoni. Alituuliza mmoja mmoja. Mdogo wangu alikubali kwanza, jambo ambalo lilinishangaza, kwani yeye ndiye alikuwa anapoteza usafiri. Mimi nikakubali, kwa sababu hoja yangu ya tenki ilikuwa imeisha nguvu nikiwa bado nimekaa. Baba mdogo alikubali baada ya machalari.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa karatasi. Muhtasari wa kikao ukapelekwa mahakama ya mwanzo, baba mdogo akateuliwa msimamizi wa mirathi ya babu (alijitolea mwenyewe, nampa sifa yake), halafu Mamlaka ya Mapato, TRA, halafu namba mpya zinazoanza na MC badala ya zile za zamani za TZ. Kadi ikatoka na jina la shangazi. Aliitia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga mafundo, akaenda nayo Useri. Honda yenyewe aliiacha pale pale kwetu.

Mdogo wangu alidhani mambo yamerudi kama zamani. Jumamosi ya kwanza shangazi alipiga simu kuuliza hesabu. Akadhani ni utani. Hesabu, shangazi akamwambia, kama wanavyoleta vijana wa bodaboda kwa wenye pikipiki zao. Yeye si mkali, atachukua kwa wiki, si kwa siku. Mdogo wangu alinipigia analalamika, nikamuuliza ni kiasi gani, akanitajia, nikamwambia ni nafuu. Masika aliomba apunguziwe kwa sababu barabara za ndani hazipitiki. Shangazi alimjibu kwamba hata yeye mvua ilikuwa inamnyeshea akiwa na debe kichwani, na uzito wa debe haukupungua.

Baba mdogo, kwa kukosa pikipiki, alipiga picha yake akaikuza, akaiweka kwenye fremu nyuma ya kaunta ya baa, na chini yake maandishi: "Honda ya Mzee". Shangazi aliiona alipokwenda Arusha kwenye kipaimara cha mjukuu. Aliisogelea, akaisoma, akamuuliza baba mdogo hesabu ya hiyo picha analeta lini.