Usilipe kodi ya fremu kabla hujausoma mkataba

Juzi mdogo wangu kanipigia simu ana furaha kweli, kapata fremu ya biashara Chang'ombe hapa Dodoma, dalali anamwambia alipe leo leo maana kuna mtu mwingine anaitaka. Nikamuuliza mkataba umeusoma? Akasema dada, mkataba si tutaandikishana nikishalipa. Nikamwambia usitoe hata shilingi, nakuja.

Hilo kosa nilishalifanya na liliniuma sana. Fremu yangu ya kwanza ilikuwa Nkuhungu, steshenari, fotokopi moja na mashine ya laminesheni. Kodi laki na nusu kwa mwezi, nikalipa miezi 6 kwa mkupuo, laki 9, na dalali akachukua ya kwake ya mwezi mmoja. Mkataba ni ile karatasi moja ya kununua dukani, unajaza majina na kiasi, mnasaini, basi. Fremu ilikuwa tupu kabisa, nikapiga rangi, nikaweka tailizi, shelfu za kujengea ukutani, mlango wa aluminiamu, yote hela ya kikoba. Mwezi wa tano biashara ishachanganya, wanafunzi wanapanga foleni mpaka nje, mzee mwenye fremu akaja akakaa kwenye benchi la wateja, akaangalia ukuta, akaangalia foleni, akasema binti yangu, mkataba mpya ni laki mbili na nusu na nataka ya mwaka mzima. Nikaitoa ile karatasi kwenye droo nikaisoma palepale, haina neno hata moja la kupandisha kodi, la kuongeza muda, wala la vitu nilivyojenga. Sikuwa na pa kushika. Nilitoka na mashine zangu, tailizi na shelfu zikabaki.

Na hapa Dodoma hili jambo ni zito zaidi, maana tangu serikali ihamie na mji utangazwe jiji 2018, mtaa ambao jana ulikuwa vumbi tupu leo una lami, na lami ikifika tu mwenye fremu naye anapiga hesabu upya. Simlaumu, mali ni yake. Ila na wewe umeweka mtaji wako mule ndani. Kwa hiyo mimi saivi nataka iandikwe kodi haipandi mpaka mwaka uishe, ikipanda isizidi kiasi fulani, taarifa miezi mitatu kabla, na mimi niwe wa kwanza kuulizwa kama naendelea. Nikijenga kitu, iandikwe kama kinakatwa kwenye kodi au naondoka nacho. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubali hata pango la mdomo kama halizidi mwaka, sawa, lakini mdomo mkigombana utauonyesha wapi? Andikeni, na mwenyekiti wa mtaa au mwanasheria agonge muhuri.

Halafu kuna hela ambazo dalali hazitaji. Ukiwa mfanyabiashara, kwenye kodi ya pango unatakiwa umkate mwenye nyumba asilimia 10, kodi ya zuio, uipeleke TRA. Wengi wanakwambia mimi nataka hela yangu kamili, hiyo ya TRA utajua mwenyewe. Kwa kodi ya laki 2 na nusu miezi 6 ni milioni moja na nusu, asilimia 10 yake ni laki na nusu, si hela ya kutolea mfukoni bila kujipanga, kwa hiyo mkubaliane mapema bei mnayotaja ni kabla au baada ya kukata. Ushuru wa stempu wa huo mkataba nao upo, asilimia 1 ya pango la mwaka. Na tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ambayo ni ya mwenye nyumba lakini anayenunua umeme ni wewe, muulize anakurudishiaje. Kama mita mnachangia na saluni ya jirani mimi hapo siingii, fotokopi na drai za saluni kwenye mita moja ni ugomvi kila wiki.

Fremu yenyewe nenda uiangalie zaidi ya mara moja. Ile niliyopo sasa Ipagala nilienda saa tisa mchana nikasimama ndani robo saa, nione jua linaingia mpaka wapi, maana fremu inayotazama magharibi inakuchomea karatasi zinakuwa njano, na upepo wa hapa na lile vumbi ukiingia kwenye mashine ni fundi kila mwezi. Uliza choo kiko wapi. Kama iko kando ya barabara kuu angalia kama jengo lina X nyekundu, alama ya kuvunjwa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande toka katikati, ukivunjiwa kodi yako ya mwaka sijui utamdai nani.

Basi tukaenda Chang'ombe. Mwenye fremu ni mama mmoja mtaratibu tu, kakubali kuandika kodi haipandi mwaka mzima, kakubali na ile ya taarifa miezi mitatu, kwenye shelfu kakataa, anasema kikigusa ukuta wake ni chake. Mdogo wangu kaamua ataweka za kusimama za chuma. Ila tumesikia nyumba ni ya urithi na wako ndugu wanne, kwa hiyo kesho asubuhi anapita ofisi ya mtaa kuuliza nani hasa wa kusaini. Hela bado iko kwenye simu yake.