Cheti cha Ukaguzi na Uimara wa Gari la Familia

Hapa Nakuru, mtu anayetafuta SUV ya kubeba familia huulizia jambo moja kabla ya bei: je, gari hilo ni gumu? Siku hizi wengi hutafuta jibu katika takwimu za ukaguzi wa kila mwaka wa Uingereza, unaojulikana kama MOT, kwa kuwa hutaja kwa asilimia ni magari mangapi ya kila aina yaliyopita mara ya kwanza. Honda CR-V hulinganishwa na Toyota RAV4, Nissan X-Trail na Mazda CX-5, kisha mnunuzi huamua kwa kutazama ni lipi lililo juu ya jedwali. Takwimu hizo ni hazina kubwa nami huzithamini, ila naamini tunazisoma kama jibu la swali ambalo ukaguzi wenyewe haukukusudiwa kulijibu.

Ukaguzi huo ulianza mwaka 1960 kwa magari yaliyokuwa na umri wa miaka 10 na zaidi, na mwaka 1967 umri huo ukashushwa hadi miaka 3. Tangu hapo, katika sehemu kubwa ya Uingereza, gari jipya hukaguliwa linapotimiza miaka 3, na baadaye kila mwaka. Mkaguzi hutazama breki, usukani, shokapu na bushi, taa, kioo cha mbele, mikanda ya usalama, moshi, kutu katika sehemu zinazobeba uzito, na tairi, ambazo kashata zake hazipaswi kupungua chini ya milimita 1.6. Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa kuwa za hatari, kubwa na ndogo. Zile mbili za kwanza huangusha gari, nayo ndogo huandikwa tu ili irekebishwe.

Hali ya injini, klachi na giaboksi haimo katika ukaguzi huo. Mwenye SUV ya giaboksi ya otomatiki anajua kwamba gharama inayoweza kumaliza akiba ya nyumba haitokani na taa ya breki iliyoungua bali na giaboksi iliyoanza kuteleza mlimani, na gari lenye giaboksi ya namna hiyo linaweza kupata cheti safi asubuhi kisha likakwama jioni. Kwa hiyo asilimia kubwa ya kupita inathibitisha kwamba gari lilikuwa salama siku ya kukaguliwa, jambo lenye uzito wake, lakini haithibitishi kwamba ni gumu kwa maana wanayoikusudia mafundi wetu.

Tena, sababu nyingi za kuanguka ni taa na tairi, vitu ambavyo ni wajibu wa mwenye gari. Aina ya gari inayopendwa na watu wanaoipeleka gereji kwa wakati itaonekana imara kuliko ilivyo, na ile inayonunuliwa na watu wa safari ndefu itaonekana dhaifu. Gereji pia inaruhusiwa kurekebisha kasoro ndani ya saa moja kabla ya matokeo kuingizwa rasmi, na gari la namna hiyo linaweza kuhesabiwa limepita au limeanguka kulingana na namna aliyepanga takwimu alivyoamua.

Sehemu ninayoiona bora zaidi haimo katika asilimia. Ni historia ya gari moja moja, ambayo serikali ya Uingereza huiweka wazi mtandaoni bila malipo, na mtu yeyote mwenye nambari ya usajili anaweza kuisoma. Humo mna umbali uliosomwa kwenye mita katika kila ukaguzi (kwa kawaida kwa maili), kasoro zilizoliangusha gari, na tahadhari za mkaguzi: bushi imeanza kuchakaa, diski ya breki imelika, tairi inakaribia mwisho. Tahadhari inayojirudia miaka kadhaa bila kushughulikiwa humweleza mnunuzi tabia ya mwenye gari kuliko cheti chochote. Baadhi ya magari yanayoletwa Kenya hutoka Uingereza, na kwa hayo kazi hii huchukua dakika chache. Kwa yale yanayotoka Japani, ambako gari jipya hukaguliwa baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, cheti cha kusafirisha gari nje huonyesha kilomita zilizosomwa, nacho ni kinga nzuri dhidi ya mita iliyorudishwa nyuma.

Barabara zetu nazo zina mtihani wao. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu takriban mita 1,130, na katikati barabara hupanda Mau Summit kabla ya kupita Londiani na Kericho na kuteremka hadi Ahero. SUV yenye watu saba, magunia ya viazi na mizigo ya likizo inapoteremka huko, breki hupata joto lisilofikiwa kamwe kwenye mashine ya ukaguzi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na kiwango chake cha kuchemka hushuka. Yakichemka, mvuke huingia katika mirija na kanyagio likazama bila gari kusimama. Mkaguzi wa MOT hutazama kama mafuta hayo yamepungua, lakini kupima unyevu wake si sehemu ya kawaida ya kazi yake. Kwa familia inayosafiri njia hii, kubadilisha mafuta ya breki kila baada ya miaka 2 hivi na kuteremka kwa gia nzito ni muhimu kuliko nafasi ya gari katika jedwali lolote.

Nchini Kenya, matatu na magari ya biashara ndiyo yanayofuatiliwa kwa ukaguzi wa kila mwaka, huku pendekezo la kuyakagua magari ya binafsi yaliyozidi miaka 4 likizua mjadala mkali. Naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sharti kwamba matokeo yawekwe wazi kwa nambari ya usajili, pamoja na kilomita na tahadhari zote. Gari la mitumba huingia nchini likiwa na umri usiozidi miaka 8, kisha huishi nasi kwa muda mrefu likipita mikononi mwa watu kadhaa, na katika kipindi hicho chote mnunuzi wa Kisumu au Kakamega hana pa kusoma lilivyotunzwa isipokuwa maneno ya muuzaji.

Kwa sasa, anayenunua SUV iliyokwisha kutumika hapa nchini amtafute fundi wake mwenyewe, gari lipandishwe juu, bushi na mipira ya ekseli vikaguliwe, kisha liendeshwe kupanda mlima giaboksi ikiwa imepata moto. Asome pia tarakimu nne kwenye ubavu wa tairi: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake zingali nene. Na avute kila mkanda hadi mwisho, hasa ile ya safu ya nyuma kabisa wanakokaa watoto, ahakikishe unafunga, unarudi wenyewe, na unashika unapovutwa kwa ghafla.